Usiseme "Chochote"

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Apiyo humfunga bintiye mikanda. Mkanda mmoja magotini, mwingine kiunoni, mwingine kifuani. Maxine ana miaka mitano na miguu yake haina nguvu. Lakini akifungwa kwenye fremu yake ya chuma, husimama wima kama watoto wengine na kuchungulia dirishani.

"Mama, juu ya paa kuna paka," alisema Alhamisi moja.

"Msalimie."

Apiyo alicheka kwa mdomo tu. Fremu ile haikuwa yao. Kituo cha watoto wenye ulemavu cha hapo Mwiki kiliiazima kutoka Thika, kikampa Maxine aitumie nyumbani, na wenyewe waliitaka mwisho wa mwezi. Ikienda, Maxine angerudi kulala chali, akitazama dari. Kwa hiyo wazazi wa kituo walipanga mnada. Watu watoe vitu, vitu viuzwe Jumamosi, kituo kinunue fremu yake chenyewe. Kazi ya kuomba vitu alipewa Apiyo.

Vitu alikuwa amepata, na vitu hivyo ndivyo vilivyomkosesha usingizi.

Mchana huo jirani yake Waithira, Mama Kui, ambaye huuza mapazia mjini Ruiru, alipita kituoni kumsaidia kupanga. Alifungua stoo, akasimama. Kulikuwa na redio isiyotoa sauti, viatu vya upande mmoja, sufuria iliyotoboka na unga uliopitwa na tarehe.

"Mama Maxine, huu ni mnada ama ni jaa?"

"Usinicheke, Mama Kui. Watu wa Ruiru ni wachoyo."

Waithira aliinua pazia moja lililofifishwa na jua. "Hata mimi?"

Apiyo aliangalia chini. Pazia hilo lilitoka kwa Waithira.

"Atiriri, nisikilize," Waithira alisema kwa upole. "Siku ile ulikuja dukani ukaniambia nini?"

"Nilikuambia unisaidie na chochote."

"Basi nikakupa chochote. Nilienda nyuma ya duka nikatafuta kile sitaki."

"Nilikuwa nakuheshimu. Nyumbani nilifunzwa kwamba mwombaji hachagui."

"Na hujasikia kwamba anayeomba chumvi huombea chungu chake? Hakuna mtu huenda kwa jirani akasema nipe chochote. Anasema chumvi. Jirani anajua afungue mkebe gani."

Apiyo aliketi juu ya gunia. Mnada ulikuwa keshokutwa.

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza fikiria mnunuzi. Watu wa Mwiki wanataka nini nyumbani mwao? Halafu uende kwa yule anayekitengeneza, ukitaje kwa jina. Mwambie kitafanya kazi gani na mnada ni lini. Beba barua ya kituo yenye namba ya simu, kwa sababu matapeli wamejaa. Mwambie jina lake litasomwa mbele ya watu. Akikataa, mshukuru uende."

"Nimbebe Maxine? Wakimwona..."

"Mwache na fremu yake. Ukimtembeza madukani watu watakupa huruma, halafu wafunge mlango. Wewe hupeleki kilio, unapeleka kazi." Waithira alikunja mikono. "Haya, anza na mimi. Niombe."

Apiyo aliinuka kutoka kwenye gunia. "Mama Kui, naomba ile seti ya kijani. Ile umetundika mbele ya duka."

Waithira alikunjua mikono. "Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

"Najua."

"Kumbe unajifunza haraka. Njoo uichukue kesho."

Ijumaa Apiyo alianzia Thika, kwa Gachau mwenye kitalu cha miche. Aliomba miche ya parachichi. Gachau alisoma barua, akapiga ile namba papo hapo, akazungumza na mwalimu wa kituo. Kisha akamchagulia miche yenye afya.

Lakini kitu kikubwa kilikuwa kwa Muigai, fundi wa mbao wa Ruiru. Vitanda vyake vya watoto vinajulikana hadi Kahawa Sukari. Apiyo alimkuta akipiga randa.

"Habari ya kazi, fundi?"

"Nzuri. Kama ni mchango, nimechoka."

Randa iliendelea. Apiyo alihisi neno lile linapanda kooni. Chochote, fundi, hata kidogo. Akalimeza.

"Naomba kitanda kimoja cha mtoto, kama hicho cha mlangoni. Tutakiuza kwenye mnada kesho saa nne, kituo cha Mwiki. Tunanunua fremu ya kusimamisha watoto."

Muigai aliweka randa chini. "Mwaka jana kuna watu walikuja hivi hivi. Nikawapa kiti. Mpaka leo sijui kiliuzwa ama mtu anakikalia kwake. Hakuna aliyerudi hata kuniambia asante."

Apiyo hakuwatetea wala kuwalaumu. Alimpa barua. "Mimi nitarudi, fundi. Uamue utakavyo, nitarudi nikuambie."

"Sijasema ndiyo."

"Nimesikia. Asante kwa kunisikiliza."

Jumamosi uwanja wa kituo ulijaa. Vitu vibovu vilikuwa vimeondolewa. Mwendesha mnada, Okello, aliuza miche, akataja jina la Gachau, watu wakapiga makofi. Akauza mapazia, akataja jina la Waithira. Meza ikabaki tupu. Mweka hazina alimnong'oneza Apiyo, "Bado haitoshi."

"Kuna kitu kingine?" Okello aliuliza.

Apiyo alitazama lango. Hakukuwa na mtu. Watu wakaanza kuinuka na kukung'uta nguo.

Hapo mkokoteni ukagonga lango. Muigai mwenyewe alikuwa akiusukuma, jasho likimtiririka, na juu yake kitanda kipya kikinukia vanishi.

"Mnaenda wapi?" Okello aliwaita. "Nani ana mtoto analala katikati ya mama na baba?"

Watu walicheka, wakaketi. Bwana mmoja alitaja bei. Shemeji yake akampita. Bwana akapandisha, shemeji akapandisha. Mweka hazina alipoacha kuandika na kufunika uso kwa mikono, Apiyo alijua wamefika.

Wiki mbili baadaye alirudi kwa Muigai kama alivyoahidi. Alimwonyesha picha kwenye simu. Fremu mpya ilikuwa kituoni, na Maxine amesimama ndani yake, kidole kikielekeza dirishani.

"Anaonyesha nini?" Muigai aliuliza.

"Paka."

Fundi aliishika simu karibu na macho. Alitazama mikanda, akatazama miguu ya fremu.

"Hii ni ya chuma. Kuna mtoto mwingine anangoja?"

"Wapo, fundi. Wanasimama kwa zamu."

"Ya mbao naweza kuitengeneza, mtaalamu wenu akinipa vipimo." Alichukua penseli iliyokuwa sikioni. "Niambie, unataka nini?"

Apiyo hakusitasita. "Fremu mbili, fundi. Moja ndogo, moja ya mtoto mrefu."