Kompyuta ya Fundi Cherehani

Katika nyumba ile ya washonaji, siku ilianza na pasi. Baba mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliichomeka ukutani kabla hata hajanywa chai. Mkewe, Mama Pacha, alifungua dirisha, akafagia vipande vya nguo vya jana, kisha akatandaza karatasi ya kahawia juu ya meza ndefu ya kukatia. Fundi alishona. Mama Pacha alichora na kukata. Wateja walisema mshono wa Fundi haufumuki, lakini nguo hukaa mwilini kwa sababu ya penseli ya mkewe.

Mwezi ule penseli hiyo ilipata mlango mpya. Kiwanda cha sare za wauguzi kilikuwa kinatafuta mchoraji wa pateni, yaani ile michoro inayouongoza mkasi. Kiwanda hakikutaka karatasi. Kilitaka michoro ya kompyuta. Mama Pacha alikuwa amesoma uchoraji huo kwa miezi minne katika darasa la jioni. Sasa darasa limefungwa, na kiwanda kimemwomba sampuli moja: gauni la muuguzi. Siku ya mwisho ni Jumamosi, saa sita mchana. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Kilichokosekana ni kompyuta.

"Ya nini kununua iliyokwisha kuungwa?" Fundi alisema. "Nguo ya dukani na nguo ya kushonewa ni sawa?"

Akanunua vipande. Jumatano akavipanga juu ya meza ya kukatia kama vipande vya koti, akaviunga kimoja kimoja. Alhamisi baada ya chakula cha mchana alivaa shati safi, akamwita mkewe, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Feni ndani ya kasha ikagutuka. Ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama. Kimya.

Akabonyeza tena. Ikagutuka tena, ikasimama tena.

"Inapiga chafya," alisema Mama Pacha.

"Inajipasha moto."

"Ijipashe mpaka lini, Baba Pacha? Leo ni Alhamisi."

Fundi akakaza kila waya alioufikia. Akabonyeza mara sita. Chafya sita. Akanyoosha mgongo, akaufuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake.

"Wameniuzia bodi mbovu. Naing'oa sasa hivi, nairudisha dukani. Watanitambua leo!"

"Wakikupa nyingine nayo ikapiga chafya?"

Mama Pacha alijifunga kanga kiunoni, akavuka ua hadi nyumba ya tatu. Huko aliishi mwanamke aliyetunza kompyuta za zahanati. Kazi yake ilikuwa imempa jina: Mama Waya. Alikuwa rafiki wa Mama Pacha tangu ujana, kwa hiyo yeye na Fundi waliitana shemeji na kutaniana bila huruma.

Mama Waya alifika na bisibisi moja, daftari dogo na kalamu.

"Shemeji, nasikia umeshona kompyuta," alisema. "Imebana wapi?"

"Haijabana popote. Bodi ni mbovu."

"Umejuaje?"

"Haiwaki."

"Haiwaki ni jambo uliloliona. Mbovu ni hukumu uliyoitoa. Nipe ulichokiona tu."

Fundi akaeleza, kwa shingo upande. Mama Waya akaandika: *Feni nusu mzunguko. Kila mara vilevile. Skrini haionyeshi kitu.* Kisha akauliza:

"Ilikuja na kijitabu. Kiko wapi?"

Fundi akatazama dari. Mama Pacha akaelekeza kidole chini. Kijitabu kilikuwa kimekunjwa mara nne chini ya mguu wa cherehani, kuuzuia usitikisike.

"Angalau kinafanya kazi," alisema Mama Waya. "Haya. Tutaanza na mambo mepesi, na tutafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ukigusa mambo matatu kwa pamoja, likipona hujui dawa ni ipi. Likizidi, hujui sumu ni ipi."

Jambo la kwanza lilikuwa umeme wa ukutani. Mama Pacha alichomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto. Soketi nzima. Mama Waya akaandika. Swichi ndogo iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme, kile kinachogawa umeme ndani ya kasha, ilikuwa imewashwa. Akaandika. Akachomoa waya wa ukutani kabla ya kuingiza mkono ndani ya kasha, akashika kidogo chuma kisicho na rangi.

"Kwa nini unakishika?" aliuliza Mama Pacha.

"Mwili hubeba umeme mdogo, hasa tukizungukwa na nguo kama hivi. Mimi siuhisi, lakini vipande hivi unaweza kuviua. Nikishika chuma cha kasha, unatoka."

Akakagua waya mnene unaolisha bodi kuu, ile bodi pana inayobeba kila kitu. Umeingia sawasawa. Akakagua waya mwingine, mdogo, unaolisha prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Wengi huusahau. Fundi hakuusahau, na alikohoa ili ijulikane. Kijiti cha kumbukumbu alikichomoa, akakirudisha, akakikandamiza pande zote mbili mpaka kikalia *tak*.

"Jaribu sasa."

Chafya.

"Si nilisema ni bodi!" Fundi alisema.

"Bado. Tumejua vitu vitano ambavyo si tatizo. Hiyo ni faida." Akachomoa tena waya wa ukutani. "Bonyeza kitufe umalize umeme uliobaki. Sasa tuitoe bodi nje."

"Yote? Nilihangaika nayo saa nzima!"

"Shemeji, mteja akilalamika kwapa linambana, unaliangalia gauni akiwa amelivaa tu? Humvui?"

"Namwambia aende nyuma ya pazia kwanza," alisema Fundi. Mama Pacha akacheka mpaka akashika meza.

Walifungua skrubu nane. Mama Waya aliinua bodi kwa kushika kingo zake, akailaza juu ya boksi la karatasi ngumu lililokuja nayo. Akaacha vitu vichache tu: prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha kumbukumbu, nyaya za umeme, na waya wa skrini. Mengine yote akayaweka kando. Akarudisha umeme. Kwa ncha ya bisibisi akagusanisha vijipini viwili vidogo, vile ambavyo kitufe cha kuwashia huunganishwa navyo.

"Hapa pana umeme kidogo sana, ndiyo maana nathubutu," alisema. "Lakini kile kisanduku cha umeme chenyewe, kamwe usikifungue. Ndani yake umeme hubaki hata ukichomoa, na unaua."

Feni ikazunguka. Haikusimama. Skrini ikang'aa, maandishi meupe yakapanda.

"Imepona!" Fundi alipiga kofi.

"Haijapona. Haikuwa na ugonjwa." Mama Waya alizima, akachomoa waya, akaandika mstari mmoja mrefu. "Nje inawaka. Ndani haiwaki. Bodi ni ileile, umeme ni uleule. Kimebadilika nini?"

Fundi aliitazama bodi juu na chini. Kisha Mama Pacha, ambaye alizoea kutafuta sentimita iliyopotea, aliinamia kasha tupu.

"Hivi ni nini?"

Kwenye ukuta wa ndani wa kasha vilisimama vinguzo vifupi vya shaba, kila kimoja kama punje ya mahindi. Bodi hukaa juu yake ili isiguse chuma.

"Bodi ina matundu mangapi ya skrubu?" aliuliza Mama Waya.

"Manane," alisema Fundi. Kuhesabu hakumshindi.

"Na vinguzo?"

Mama Pacha alihesabu kwa kidole. "Kumi na kimoja."

"Viwili hivi viko pembeni, bodi haivifikii. Havina madhara. Lakini hiki cha katikati, shemeji, kinashika skrubu gani?"

Fundi aliinama. Hakikushika skrubu yoyote. Pale bodi haikuwa na tundu.

"Kasha lilikuja na vinguzo sita, vimeshafungwa," alisema taratibu. "Na kimfuko chenye vitano. Nikaona kasha lina matundu matano matupu."

"Ukayajaza yote."

"Mimi ni fundi cherehani, shemeji! Kifungo kikibaki mezani, ujue kuna shati limeachwa wazi. Tundu bila kifungo ni aibu."

Mama Waya hakucheka. Aliligeuza tumbo la bodi na kuwaonyesha nukta nyingi za risasi ya kulehemu zinazong'aa.

"Kila nukta ni njia ya umeme. Kinguzo kikiwa mahali penye tundu, kinakanyaga sehemu iliyoandaliwa kwa ajili yake. Hiki kimekanyaga nukta. Umeme umepata njia ya mkato kwenda kwenye chuma. Hiyo ndiyo shoti. Kisanduku cha umeme kikaona, kikajizima ili kisiunguze kitu. Ile chafya yenu ndiyo iliyowaokoa. Kasha hutengenezwa na matundu mengi kwa sababu bodi zina vipimo tofauti. Unaweka kinguzo mahali ambapo bodi yako ina tundu, basi. Kijitabu kinaonyesha kwa picha, ukurasa wa pili."

"Kwa hiyo duka halina kosa," alisema Fundi.

"Halina."

"Na mimi nilikuwa naenda kuwatukana."

"Ungewatukana vizuri sana," alisema Mama Pacha.

Fundi alivifungua vinguzo vitatu kwa mkono wake. Kuviona vimebaki mezani kulimuuma, na alisema hivyo. Kisha akarudisha bodi, akilinganisha kila tundu na kinguzo chake kabla ya kufunga skrubu ya kwanza. Mama Waya hakumruhusu aunganishe vyote kwa pamoja. Bodi kwanza: iwashe, itazame, izime, chomoa. Halafu diski. Halafu feni ya pembeni. Kila hatua iliwaka. Kabla ya saa kumi na moja jioni, mashine ilikuwa imekamilika na inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Niachie hilo daftari lako," Fundi aliomba.

"Nunua lako, shemeji. Ila karatasi hii moja chukua." Akaichana na kumpa.

Ijumaa Mama Pacha alichora tangu asubuhi. Mbele, mgongo, mikono, kola, mifuko miwili. Fundi alipika, akamletea chai, akakatazwa kuweka kikombe karibu na kompyuta. Jumamosi saa nne asubuhi mchoro ulitumwa. Fundi aliuliza kama umefika. Mkewe akamwonyesha. Baada ya robo saa akauliza tena.

Jibu lilikuja Jumatano. Mama Pacha alilisoma mara moja kimya, kisha kwa sauti:

"Tumekata, tumeshona, tumemvalisha muuguzi. Gauni limekaa. Tunahitaji saizi nne nyingine kufikia mwisho wa mwezi, na baada ya hapo suruali."

Fundi aliacha cherehani. Akaja kusimama nyuma ya kiti, akasoma mwenyewe, neno kwa neno, midomo ikicheza. Akavuta kiti kingine akaketi karibu, mkono ukielekea kwenye kitufe.

"Mama Pacha, hebu niizime kidogo, niihakikishe tena ile—"

"Baba Pacha."

"Naam."

"Sogea. Nina kazi."