Ulimbo wa Mzee Mulume

Kila alasiri mjukuu wangu Umurerwa akitoka shule huteka maji, hula viazi vyake, kisha hupanda njia ya mguu hadi kwa Mzee Mulume, hapa hapa Nkanka. Nami humfuata polepole, magoti yakiniuma, nikimpelekea mzee uji.

Mzee Mulume alizaliwa Bukavu. Kwa miaka arobaini alipiga selo, ile fidla kubwa ambayo mtu huipiga akiwa ameketi, katika kumbi kubwa za Ulaya. Picha zake zilibandikwa kwenye kuta za miji, na watu walisimama kumpigia makofi. Sasa vidole vyake vimevimba. Jumapili moja alitaka kupiga kanisani kwetu mara ya mwisho, kisha apumzike.

Umurerwa alikabidhiwa kazi ya kupaka ulimbo mkavu kwenye nywele za upinde wa kupigia selo. Bila ulimbo, upinde huteleza juu ya nyuzi na sauti haitoki. Ijumaa kipande cha ulimbo kilimponyoka, kikapasuka kama kioo. Aliogopa. Akaficha vipande mfukoni, akapaka upinde mshumaa badala yake.

Jumamosi mzee alijaribu kupiga. Upinde ukateleza, ukatoa pumzi tu. Alijaribu mara tatu, kisha akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu.

"Maman Nyiramahoro," aliniambia, "mkono umekwisha. Mwambie padri asinisubiri."

Akaifungia selo ndani ya sanduku lake. Hata hivyo alikumbuka kunishukuru kwa uji.

Tukiwa njiani kurudi, Umurerwa aliketi chini ghafla. "Koko, si mkono wake. Ni mimi." Akanionyesha vile vipande.

Nilikuwa nimechoka, na mlima ule ni mkali. "Inuka, turudi."

"Atanifukuza!"

"Labda. Lakini sasa hivi anaulilia mkono ulio mzima."

Tukapanda tena. Umurerwa alisema yote akitazama miguu yake. Mzee akacheka kwa uchovu.

"Mshumaa! Ulitaka upinde wangu upate kipaimara? Eh, batoto ba leo!"

Akatoa upinde wake wa zamani, ambao haukuguswa na mshumaa. Mimi nikayeyusha vipande ndani ya kopo la nyanya juu ya jiko la makaa, tukaacha ulimbo ugande. Umurerwa akaupaka kwenye upinde huo. Sauti ya kwanza ilitoka nzito na nzuri, mzee akafumba macho.

"Sikia, binti yangu," alisema. "Ulimbo hupasuka. Hata mimi niliupasua mara nyingi huko Ulaya. Lakini ulipouficha, niliulaumu mkono wangu usio na kosa. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

Jumapili alipiga. Mara mbili vidole vyake vilikosea, na kila mara alimwinamia Umurerwa, aliyeketi karibu naye, akamnong'oneza, "Hilo ni langu."