Barua Iliyomharakisha Mama Posta

Mama Posta alistaafu zamani, lakini mikono yake haikustaafu. Kwa miaka thelathini alipanga barua posta, na kwake barua ya leo haikulala hadi kesho. Hata sasa, akishakunywa chai ya asubuhi, hufungua kompyuta yake kuukuu kama anayefungua dirisha la posta. Humo mna barua pepe za marehemu mumewe, dereva wa lori, alizomwandikia safarini. Huzisoma polepole, kana kwamba anamsikia.

Siku moja akakuta barua mpya. "Sanduku lako limejaa. Barua zako zote zitafutwa leo saa sita mchana. Bonyeza hapa, uandike neno lako la siri."

Akatazama saa: tano na nusu! Akabonyeza. Akaanza kuandika.

"Hodi, shoga!" Alikuwa jirani yake, mkutubi wa maktaba. "Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

"Wee, niache! Wanataka kunifutia mume wangu!"

Jirani akaisoma ile barua. "Toa mkono hapo. Kule posta, ukiitilia shaka bahasha, ulitazama nini?"

"Muhuri. Jina mtu yeyote anaandika. Muhuri ndio husema barua imetoka wapi."

"Basi hata huku upo. Bonyeza jina la mtumaji."

Jina lilisema "Huduma ya Barua Pepe". Chini yake ikatokea anwani ndefu, herufi na tarakimu zimevurugika.

"Alaa! Muhuri wa kichochoroni!"

"Matapeli hao. Wanakuharakisha usipate muda wa kufikiri. Ukiwapa neno la siri wanaingia, halafu wanakufungia nje."

"Na kama ningekuwa nimeshalituma?"

"Ungelibadilisha papo hapo, bila kuona haya."

Mama Posta akaufunga ukurasa ule. Akaingia kwenye sanduku lake kwa njia yake ya kila siku. Wala halikuwa limejaa. Akaifuta barua ya matapeli.

"Kitendawili," akasema, sasa anacheka.

"Tega."

"Anabisha hodi kwangu kwa jina la ndugu yangu."

"Tapeli! Umenitegea chepesi."

Saa sita ikafika, ikapita. Barua zote zilikuwepo.

"Hebu nisomee moja," jirani akaomba.

Mama Posta akavaa miwani. "Nimefika salama. Funga dirisha la jikoni, paka asiingie."

"Ndiyo barua ya mapenzi hiyo?"

"Kwa mtu kama yule? Hiyo ni ndefu kabisa."