Mgeni Aliyepewa Nyumba Nzima

Kengele ya mwisho ikilia, Rukaiya hakuwa na habari na mchezo wa rede wala maandazi ya getini. Alifunga vifungo vyote vya sweta, maana upepo wa Makambako hauna adabu, akanyoosha moja kwa moja hadi dukani kwa mama yake, karibu na njia panda ya kwenda Njombe. Alikuwa darasa la sita, mwaka wa 2008, na hapakuwa na kitu alichokipenda kama kompyuta ya duka lile.

Mama yake, Bi Salha, aliitumia kuchapa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi. Zamani kila flashi ya mteja ilikuja na virusi vyake, na mashine ikawa inaugua kila wiki kama mtoto wa chekechea. Ndipo akaitwa Fundi Manase kutoka Njombe, akaondoa Windows, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na virusi vile vikakosa pa kukaa. Lakini programu ya kadi ilikubali Windows peke yake. Basi Manase akatengeneza kitu kilichomwacha Rukaiya mdomo wazi: kompyuta ndani ya kompyuta. Ulifungua dirisha moja kwenye Linux, na ndani ya dirisha hilo Windows ikaamka na kufanya kazi zake bila kujua kwamba iko nyumbani kwa mtu.

"Linux ndiye mwenyeji," Manase alimweleza. "Windows ni mgeni. Anakula na kulala kwa mwenyeji."

Maneno hayo yalimwingia Rukaiya kupita kiasi. Alikuwa amelelewa na bibi yake, Bi Somoe, kwenye nyumba ambayo mgeni akifika kuku huchinjwa, kitanda hutandikwa shuka safi, na watoto hulala mkekani bila kununa. Kwa hiyo Jumanne moja, alipoona mgeni wa kwenye kompyuta anajikokota, ua moja tu la kadi likichukua muda kujichora, alimhurumia. Mama alikuwa nje akiongea na mteja. Rukaiya akamzima mgeni, akafungua mipangilio yake, akakuta mstari unaoonyesha memori aliyopewa, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Ilikuwa megabaiti 384, na mashine nzima ilikuwa na 1024.

"Mgeni kupewa kidogo namna hii?" alijisemea. "Bibi akisikia ataona haya."

Akaivuta alama hadi 900. Sehemu ile ya mstari ilikuwa nyekundu, naye akaona ni rangi ya kupendeza tu. Hakumwambia mtu.

Kesho yake kompyuta ilikuwa ya kutia huruma. Ukisogeza mausi, mshale ulibaki pale pale, kisha ukaruka kama panzi. Ukibonyeza herufi, ungeweza kwenda bombani ukarudi na ndoo ndipo herufi itokee. Taa ndogo ya diski haikuzimika, na ndani mlisikika kitu kikisaga, krr, krr, krr. Mama akaizima, akaiwasha. Akasema umeme ni mdogo. Akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Mashine ilikwenda vizuri mpaka alipofungua programu ya kadi, ikarudia mwendo wake wa konokono.

Rukaiya akaikumbuka ile 900. Lakini akajitetea moyoni: mimi nilimwongezea, sikumpunguzia, na kuongezewa kumemuua nani? Siku ya kwanza alinyamaza kwa kuwa hakuwa na hakika. Siku ya pili alinyamaza kwa sababu alishanyamaza ya kwanza.

Na kazi iliyokwama haikuwa ya mchezo. Mzee Obed, mkulima wa miti wa Kifanya, alikuwa anamwoza binti yake Oktavia. Alitaka kadi mia moja na hamsini, nyingine ziende kwa shangazi zake Ikonda, nyingine hadi Ipelele. Alisema angezichukua Jumamosi mchana, gari lake la mbao likirudi Kifanya.

Ijumaa jioni Mama alipiga simu Njombe. Rukaiya alisikia kila neno.

"Fundi, hiyo Linux yako imenifia. Njoo kesho asubuhi. Ukishindwa nampa mtu mwingine aifute yote, na wewe usinipitie tena hapa."

Rukaiya aliumia kwelikweli. Manase ndiye aliyemfundisha kila alichokijua kuhusu mashine ile, tena kwa uvumilivu. Hapa Makambako alikuwa na wateja watatu tu, wote wameletwa na sifa alizopewa na Mama. Mama akigeuza maneno, jina la fundi lingekwisha mji mzima.

Jumamosi Manase aliteremka kwenye basi la kwanza, mkoba begani.

"Kamwene," alisalimia kwa Kibena, kama kawaida yake.

"Kamwene," Mama akajibu, lakini bila tabasamu. Chai hakumkaribisha.

Fundi aliketi, akaitazama mashine ikihangaika. "Mama Rukaiya, tangu ilipokuwa nzima, kuna mtu amebadilisha kitu?"

"Hakuna. Ni mimi na mtoto tu."

Rukaiya alikuwa anavitazama viatu vyake.

Manase aliandika amri moja, na orodha ndefu ikajitokeza kwenye skrini polepole. Akaanza kusoma kwa sauti, kama alivyozoea kumfundisha Rukaiya. "Tazama hapa. Mashine haifanyi kazi, inasubiri. Memori imejaa, kwa hiyo Linux inavihamishia vitu kwenye diski, inavirudisha, inavihamisha tena. Mpishi ukimnyang'anya meza, kila kitunguu itabidi akifuate stoo."

"Nani kamnyang'anya?" Mama akauliza.

"Hapo ndipo sielewi. Orodha haisemi wazi. Mgeni nilimpa 384 kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo huko sina haja ya kutazama." Akakuna kidevu. "Nadhani diski inakufa. Itabidi niibebe mashine hadi Njombe."

Wakati huohuo Mzee Obed akaingia, vumbi la mbao kwenye kofia, uso umejaa furaha ya baba wa bibi harusi. "Haya wanangu, kadi zangu ziko wapi?"

"Muulize fundi," Mama akasema.

Manase alisimama mbele ya mzee. "Shikamoo, mzee. Kadi hazijawa tayari. Labda niliiweka mashine vibaya. Nisamehe."

Akachukua bisibisi, akainama kuifungua kompyuta. Rukaiya aliiona bisibisi ikigusa skrubu ya kwanza, akaona shingo ya fundi imeinamia kosa ambalo halikuwa lake. Akashindwa kuvumilia.

"Fundi, usifungue. Mgeni hana 384. Nilimwongezea mimi, Jumanne."

Mama aligeuka taratibu.

"Ukampa ngapi?" Manase aliuliza.

"Mia tisa."

"Kati ya 1024?"

"Nilitaka akae vizuri," Rukaiya alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Manase aliiweka bisibisi mezani. Mabega yakaanza kumtikisika, na Rukaiya akadhani fundi naye analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama Rukaiya, binti yako amemkirimu mgeni hadi mwenyeji kalala nje na baridi hii. Sasa mwenyeji hana nguvu hata ya kumpikia huyo mgeni. Ndiyo maana wote wawili wamezimia."

"Kwetu Kifanya mgeni tunampa kuku," Mzee Obed akasema. "Lakini jiko hatumpi."

Hapo hata Mama alishindwa kukunja uso. Manase akamzima mgeni, akamwita Rukaiya aishike mausi yeye mwenyewe. Alama ikarudi nyuma, ikatoka kwenye rangi nyekundu, ikasimama 512.

"Nusu ndiyo mwisho," fundi alisema. "Ile nyekundu ni onyo, si pambo. Lakini niambie, siku ile ulimwonea huruma kwa nini?"

Rukaiya akaeleza jinsi ua la kadi lilivyokuwa likijichora kwa kujivuta. Manase akajikuna kichwani.

"Basi hilo ni langu. Kuna viongezo vya kumsaidia mgeni achore picha upesi. Siku nilipomweka mgeni, basi lilikuwa linapiga honi, nikaondoka sijaviweka. Nikajiambia hamtagundua."

"Kumbe mko wawili," Mama akasema, na sasa akamwaga chai kwenye kikombe, akamsogezea.

Viongezo viliwekwa, mgeni akawashwa upya. Rukaiya alifungua kadi ya Oktavia huku amebana pumzi. Maua yote yalitokea kwa mpigo, na taa ya diski ikapepesa kidogo ikazimika. Furaha ilimpanda hadi masikioni. Printa ikaanza kuzitema kadi moja moja, na Mzee Obed akawa anazipokea kwa mikono miwili, akilisoma jina la binti yake kila mara kama hajawahi kuliona.

Mama alimgeukia fundi. "Maneno ya kwenye simu nayarudisha. Nilikuhukumu kabla sijauliza."

Kisha akamvuta Rukaiya kando.

"Kugusa bila kuuliza ni kosa la kwanza. Kunyamaza siku nne ni la pili, na hilo ndilo lililotutesa, kwa sababu fundi hawezi kutengeneza jambo alilofichwa. La tatu lingekuwa kumwacha mtu arudi Njombe na lawama yako mgongoni. Hayo mawili ya kwanza nitakugombeza nyumbani, ujiandae. Lakini la tatu, ungelifanya nisingekuamini tena. Uliogopa, na bado ukasema. Mkweli si mtu asiyekosea, mwanangu. Ni yule anayesema, hata kama amechelewa, kabla mwenzake hajaumia."

Akakivuta kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta, akampisha.

"Haya, kaa. Zimebaki kadi tisini, na Mzee Obed gari linamsubiri."