Giaboksi Inayosoma Moyo

Giaboksi ilikuwa juu ya meza ya Fundi Nkwabi, haijafungwa kwenye gari lolote, na tayari ilikuwa inamsoma Minza. Aliweka kiganja juu ya bamba lake la fedha. Kila moyo wake ulipopiga, ndani ya chuma kile kitu kiligonga kumjibu. Aliposhtuka, gia ya kwanza ikaingia yenyewe.

"Inaitwa giaboksi-hisi," alisema Nkwabi, bila uchangamfu wa muuzaji. "Otomatiki za kawaida husubiri mwendo wa gari ndipo zibadilishe gia. Hii husikiliza moyo wako kupitia kiti. Inajifunza desturi zako, na baada ya wiki inaamua kabla hujaamua. Mapigo yakishuka chini ya tisini, inarudi mwendo wa sokoni."

"Na ile nyingine?"

Nkwabi akaigusa kwa mguu giaboksi kuukuu chini ya meza. "Otomatiki ya kawaida, gia tatu, chuma na mafuta. Inachelewa kidogo. Lakini ikiugua nachovya kidole, nanusa mafuta yake, najua imeungua wapi. Hii mpya imezibwa kiwandani. Sina cha kunusa, Mama Kabula."

Katika Shinyanga ya miaka ile mizigo ilijipeleka yenyewe angani, lakini mbio za mita mia nne kwenye uwanja wa ndege wa zamani zilibaki na sheria yao: hushindana magari ya nyumbani tu. Kabla ya mbio mkaguzi alitafuta pumba za mahindi kwenye buti na makombo ya maandazi kiti cha nyuma. Gari lisilopeleka mtoto shule wiki nzima lilirudishwa getini. Kwa hiyo giaboksi moja ilibidi iweze yote mawili, mtaa na mbio. Na Minza alikuwa ameshindwa mara saba na mtu yule yule, Holo, mara ya mwisho kwa upana wa bampa. Ilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Mshika mawili, moja humponyoka," Nkwabi akamwambia.

"Limponyoke Holo. Nifungie hii mpya, fundi."

Jumamosi alijipanga kwenye mstari, mguu kwenye breki, injini ikinguruma. Giaboksi ilifunga magurudumu yenyewe ikingoja taa. Moyo ulimwenda mbio kwa hofu, kama siku zote pale. Taa ya kijani ilipowaka, gari lilikuwa limeshachomoka kabla hajaondoa mguu. Holo alibaki nyuma. Jumamosi nne mfululizo alibaki nyuma, na Minza akaacha kabisa kuifikiria ile giaboksi kuukuu.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, alisimama taa nyekundu kwenye kivuko cha shule. Kabula, mwanawe wa miaka minane, alikuwa ameshateremka na anavuka na wenzake, mbele kabisa ya bampa. Mtoto mmoja mdogo akatokwa na kiatu mguuni. Kabula akarudi kumsaidia, akapiga magoti kwenye lami.

Minza alipata wasiwasi kidogo tu, ule wa mama yeyote. Injini ikamjibu kwa ngurumo.

Kioo cha dashibodi kikaandika: TAYARI. Chini yake, sekunde za taa: 14. Pembeni, mapigo yake: 126.

Akaelewa, na nywele zikamsimama. Mguu kwenye breki, moyo mbio, taa mbele. Ndivyo alivyoifundisha mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alibonyeza kitufe cha kuzima. Kioo kikaandika: MFUMO UNATUMIKA, SUBIRI. Akiondoa mguu, gari lingeruka sasa hivi; akiuacha, lingechomoka taa ikiwaka, kama Jumamosi. Akipiga honi, watoto wangesimama pale pale kumtazama. Kumi. Mapigo 138.

Akamwomba Mungu, mapigo yakapanda. Akamtazama Kabula, yakapanda zaidi. Mwanawe alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu, ulimi nje, kama afanyavyo akiandika. Kila alichokipenda kwa mtoto yule kilikuwa kinamuua.

Basi akaacha kumpenda. Hakuwa na njia nyingine. Alijiambia: ile ni sketi ya bluu. Ule ni mkoba. Vile ni vitu viwili vidogo, mita moja na nusu kutoka bampa. Si vyangu. Sivijui. Alirudia polepole, kama anayesoma orodha ya vipuri. 119. 104. Sekunde tatu. 93. Sivijui. 89.

Injini ikashuka. Magurudumu yakafunguka kwa mlio mdogo. Taa ikawa kijani, na gari likatulia tu chini ya mguu wake. Kabula akasimama, akampungia mkono, akaingia getini.

Mchana huo huo Nkwabi aliitoa giaboksi-hisi. Alipitisha kidole kwenye bamba, akanusa kwa mazoea, akatikisa kichwa. "Imekufanya nini?"

"Nifungie ya chuma," alisema Minza.

Saa tisa alikwenda kumchukua mtoto. Kabula alipomwona ng'ambo ya barabara alifurahi, akakimbia bila kutazama. Lori la maji likampita karibu sana, upepo wake ukampeperusha sketi. Mwalimu pale getini alipiga ukelele, akashika kichwa.

Kabula akaingia garini akihema. "Mama, umeona? Nusura."

"Nimeona."

"Hukuogopa?"

Minza aliweka kiganja kifuani. Mapigo yalikwenda taratibu, sawasawa, mwendo wa sokoni. Alimtazama mtoto usoni, akatazama kamba za viatu, akatafuta ile hofu yake ya asubuhi. Aliitamani kwa nguvu zake zote.

"Funga mkanda," alimwambia.

Gari likaondoka. Giaboksi kuukuu ilichelewa kidogo kuingiza gia ya pili, na Minza aliendesha hadi nyumbani mkono mmoja ukiwa bado kifuani, akingoja.