Waliomo Ndani ya Mikwaruzo

Usiniambie wivu ni ugonjwa wa wajinga. Dada yangu ana akili kunishinda mimi, na ni fundi wa redio, tena fundi haswa.

Asubuhi ile karakanani mambo yalikuwa ya kawaida: chai, harufu ya risasi ya kuchomelea, utani. Shemeji, mume wa dada, alikuwa ametengeneza masanduku mawili pamoja na fundi mwenzao, binti mrembo tuliyempa jina la Waya. Sanduku la kwanza hutoa mikwaruzo isiyojirudia hata mara moja, na sauti ya mtu hufichwa humo. La pili ni pacha wake: hutoa mikwaruzo ileile, huiondoa, sauti ikabaki. Mwingine yeyote akinasa, anaambulia kelele tupu.

Basi shemeji akachukua gari, akaenda peke yake kwenye mlingoti wa redio na sanduku moja. Waya akabaki na la pili, hedifoni masikioni, anacheka. Dada kamkodolea macho.

"Anakwambia nini?"

"Anahesabu tu, dada. Moja hadi kumi."

Hesabu gani hiyo ya kuchekesha! Nikamwambia dada aachane nao. Wapi! Wivu ulishampanda kichwani.

Waya alipotoka kidogo, dada akashika bisibisi. Skrubu ya kurekebishia sanduku hufungwa kwa tone la rangi ya kucha, ili ikiguswa ijulikane. Akalibandua, akaizungusha kiasi cha unywele, akapaka rangi yake mwenyewe. Alitaka wasisikilizane, basi.

Waya akarudi, akavaa hedifoni. Akazivua.

"Dada," alinong'ona, "mbona uko humu?"

Dada akasikiliza. Shemeji anacheka. Mwanamke anamjibu. Sauti ni ya dada mwenyewe, ila laini, haina kinyongo.

"Twende nyumbani, mume wangu."

"Twende."

Dada akapiga simu. Iliita tu. Akairudisha skrubu palepale. Lakini mikwaruzo ya aina hii haina palepale. Ukiikosea kwa unywele, ndiyo imekwenda.

Tulipofika mlingotini tulikuta gari linanguruma. Shemeji hayupo. Sanduku lake halipo. Kiti cha abiria kilikuwa kimefungwa mkanda.

Miezi miwili dada alishinda na hedifoni, akiwasikia mumewe na yule mwenye sauti yake wakipanga mapazia, wakitaniana. "Mimi hajawahi kunichekea hivyo," alilia. Kumwonea wivu Waya nilielewa. Lakini kujionea mwenyewe? Makubwa!

Siku ya mwisho nilisikiliza naye, sikio moja kila mtu.

"Mke wangu," shemeji alisema taratibu, "kuna mtu anatusikiliza."

"Namjua. Mwonee huruma. Zima."

Kimya.

Dada alichomoa betri, akaniachia sanduku, hataki kuliona tena. Mwaka umepita. Jana nililishika nikifagia. Lilikuwa na joto, kama mto aliotoka kuulalia mtu.