Hita ya Lori Iliniulia Mume, Shemeji Akanisingizia Jiko

Nina miaka arobaini na mmoja, ni mjane, nauza makoti ya mitumba Kariakoo. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kila msimu wa baridi mimi na mume wangu Mashaka tulipeleka makoti Njombe. Tulichoka kulala gesti, tukanunua basi dogo kuukuu, tukang'oa viti, tukaweka kitanda na kabati. Nyumba yetu ya magurudumu! Nilijivunia, sitawaficha.

Kilichobaki ni joto. Mdogo wa mume wangu, Idd, ni fundi wa malori Buguruni. Akatuletea hita iliyotolewa kwenye lori bovu, ile inayochoma dizeli injini ikiwa imezimwa ili dereva alale bila baridi. Akaifunga chini ya kitanda chetu.

Tukaijaribu palepale gereji, milango wazi. Jamani, joto la Dar mnalijua! Dakika mbili tu tumelowa jasho, tunacheka. "Zima Idd, tutaiva!" Ni mimi niliyesema hivyo... Hakuna aliyechungulia moshi unatokea wapi.

Njombe kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Mchana Mashaka, aliyekuwa na mafua, akaingia kulala, akafunga madirisha, akawasha hita. Mimi nikaendelea kuuza nje. Nilipompelekea chai hakuitika... Nilimtikisa, nikampiga makofi, nikapiga mayowe. Mume wangu alikuwa ameshakwenda.

Hospitali walisema amevuta moshi. Fundi mmoja wa pale, hata jina lake silijui, akaingia chini ya gari na kunionyesha. Bomba la moshi la hita lilikuwa limekatwa fupi, linaishia chini ya sakafu, jirani na tundu lililozibwa kwa kitambaa. Moshi wote ulipanda kitandani!

Idd alipokuja kuchukua maiti na basi letu alirudishe Dar, nilimuuliza. Akatazama chini. "Shemeji, matuta ya Dar yangeling'oa lile bomba. Ndiyo maana nikalikata."

Nilidhani atawaambia ndugu zake mwenyewe. Mjinga mimi! Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi niko ndani, yeye anazunguka kwa ndugu akisema niliacha jiko la mkaa ndani ya gari. Jiko nililopikia nje kila siku ya Mungu! Nilipomweleza mama mkwe ukweli, akaniambia nisimpakazie mwanawe pekee aliyebaki.

Siku niliyotoka eda nilikwenda Buguruni moja kwa moja, nikainama chini ya basi. Nikakuta bomba refu, jipya, limetokeza hadi nyuma! Idd akafuta mikono kwa tambara, mafundi wenzake wakisikiliza.

"Sasa shemeji, kosa liko wapi hapo?"

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Ilisaidia nini?

Wasomaji wenzangu, fundi akiwafungia kitu chenye moto mahali mnapolala, lazeni mgongo chini mwone moshi unaishia wapi, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu! Na mkiujua ukweli, usemeni siku hiyohiyo mbele ya watu. Msimngojee mkosaji ajisemee.

Juzi nilikutana na mama mkwe Msimbazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akakusanya kanga yake, akavuka barabara asipite karibu na mtu aliyemuua mwanawe.